Wilma na Jogoo wa Misitu Mitatu

Wilma Gillanders amepiga magoti chini ya msonobari, glavu mikononi, kijiko cha plastiki kimeshikwa kwa vidole viwili. Anaokota kinyesi.

Anakiinua kimoja kwenye mwanga wa asubuhi. Kimeviringika kama kipande cha sigara, na ndani yake majani ya msonobari bado yanaonekana yalivyokatwakatwa. Anakinusa bila haraka.

"Cha usiku wa kuamkia leo," anasema.

"Ongeza chumvi," anajibu mzee aliyesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

Mzee huyo ni Murdo Cattanach, mlinzi wa wanyamapori wa shamba la Tomdarroch, na msitu huu ndio anaoulinda. Wilma hana kazi hapa. Msitu wake yeye ni Achnaveel, ng'ambo ya kilima. Mwaka jana, wakati kama huu, Murdo angemkuta mtu wa Achnaveel amepiga magoti chini ya mti huu, angemwachia mbwa kwanza, salamu zingefuata baadaye.

"Mbwa wawili," Murdo anasahihisha.

Bonde zima la Arroch, huku nyanda za juu za Uskoti, linajua kwa nini leo hakumwachia hata mmoja. Linajua, na bado halijapoa.

Kinyesi anachookota Wilma ni cha kapakeli. Ni ndege wa ukoo mmoja na kware, ila jogoo wake ana ukubwa wa bata mzinga: mweusi, kifua cha kijani kinachong'aa, na juu ya kila jicho kipande cha nyama nyekundu kama amepakwa rangi ya mdomo akakosewa. Wazee waliozungumza Kigaeli walimwita farasi wa msitu. Jike ni mdogo, wa kahawia, na hutaga chini kabisa, katikati ya vichaka vya beri, mahali ambapo mbwa mmoja asiyefungwa kamba anaweza kumaliza uzazi wa mwaka mzima kabla mwenyewe hajamaliza kupiga mluzi.

Uskoti nzima wamebaki mia chache. Bonde la Arroch lilijihesabu miongoni mwa waliobarikiwa, maana lilikuwa na majogoo watatu, kila msitu na wake. Tomdarroch mmoja, Achnaveel mmoja, na Corrie, msitu wa kampuni ya mbao ulio juu ya mto, mmoja.

Hivyo ndivyo watu walivyoamini mpaka Oktoba iliyopita.

Wilma ana miaka hamsini na sita. Ameolewa na Lachie, dereva wa basi la shule, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Ameajiriwa na kijiji, ambacho kiliununua msitu wa Achnaveel kwa michango na bahati nasibu za ukumbini. Kazi yake ni kuwatazama ndege, kuwahesabu, na kuwaomba wageni wafunge mbwa. Ni siku tatu kwa wiki, ujira wa pauni kumi na tatu kwa saa. Siku zilizobaki anasafisha nyumba za kupangisha watalii.

"Nyumba zinalipa kuliko ndege," anasema. "Na nyumba haijifichi. Ukienda kuisafisha unaikuta ilipo."

Kazi ya ndege aliirithi kwa baba yake, Erchie, mkata miti, na pamoja nayo akarithi mdomo uliofungwa.

Hadithi ya mdomo huo kila mtu bondeni anaijua. Zamani kidogo, Erchie akiwa hai, kijana mmoja alilewa baa akataja mahali majogoo wa Achnaveel walipokuwa wakicheza ngoma yao. Kila Aprili alfajiri majogoo hukutana kwenye uwanja mmoja msituni, mikia wameitandaza kama feni, wakitishana mbele ya majike. Kijana alitaja uwanja huo kwa mgeni mwenye kamera. Asubuhi ya pili kulikuwa na magari tisa kando ya barabara na wanaume wenye lenzi ndefu kama mabomba ya maji wamelala kwenye nyasi. Majike walioshuka kuchagua mume waligeuka wakaruka zao. Mwaka ule hapakuonekana kifaranga.

"Baba alikaa jikoni hakula," Wilma anakumbuka. "Halafu akazunguka bonde lote, nyumba kwa nyumba. Akawaambia, kuanzia leo, jogoo wa mtu ni siri ya mtu. Usimwambie jirani, usimwambie mkeo. Na watu wakashika, kwa sababu Erchie hakuwa mtu wa kuomba vitu."

Wakashika kweli. Bondeni hapa unaweza kuulizwa mshahara wako, maradhi yako na sababu ya binti yako kuachwa, tena dukani, mbele ya foleni. Lakini uwanja wa ngoma wa jogoo haukuulizwa. Murdo na Wilma wakikutana njiani Aprili, mazungumzo yalikuwa haya:

"Yupo?"

"Yupo. Na wako?"

"Yupo."

Kisha hali ya hewa.

Siri hiyo ikazaa desturi ya kazi. Kuhesabu jogoo ni lazima uingie kwenye kibanda cha turubai kungali giza, ukae humo mpaka jua lipande na ndege waondoke wenyewe. Barabara ya bonde ni moja. Ukitoka na gari saa tisa usiku, anayekuona anajua umekata kona wapi. Basi walinzi watatu wakawa wanakwepana. Murdo alihesabu mwanzoni mwa wiki. Bi Una Rattray, mwalimu mstaafu anayehesabu kwa niaba ya kampuni ya mbao kule Corrie, akachukua katikati ya wiki. Wilma akabaki na Jumamosi. Hakuna kikao kilichopanga hivyo. Ilitokea tu, kwa adabu.

Adabu hiyo ilimletea Wilma balaa la aina nyingine.

Senga Moir ndiye mwenye duka la kijiji, na kwa Senga hakuna pazia linalofunguka bure. Aliona taa za gari la Wilma zikitoka gizani kila Aprili. Aliona za Murdo pia. Murdo ni mjane. Akaunganisha.

"Lakini wanatoka siku tofauti," mteja mmoja alimpinga.

"Hapo ndipo ujue wana akili," Senga akajibu.

Uvumi ukatembea bonde lote mpaka ukamfikia Lachie kwenye usukani wa basi, ameletewa na mtoto wa darasa la nne. Jioni akamuuliza mkewe anakwenda wapi alfajiri.

"Kwa jogoo," Wilma akamwambia.

"Jogoo gani?"

"Siwezi kukuambia."

Lachie anasimulia haya akijipangusa machozi ya kicheko. "Nikamwambia, Wilma, mke wangu, kama ni Murdo sema tu, nijue supu nampikia nani. Miaka ishirini na nane ya ndoa sijui mke wangu anakaa wapi Jumamosi ya Aprili. Naona aibu kuwaambia watu kwamba ni kweli anakwenda kumtazama kuku."

Kipimo

Mwaka jana, wakati wa theluji kuyeyuka, alifika bondeni Rhona Tulloch, mtaalamu wa ndege kutoka chuo kikuu. Anachofanya ni kujua ndege kwa mabaki yao. Kinyesi kibichi au unyoya ulioanguka vina chembe za mwili, na chembe hizo, maabara, humtaja mwenyewe kama alama ya kidole: jogoo au jike, nani ni nani, na nani ni mtoto wa nani. Hakuna haja ya kumshika ndege wala kumsumbua.

Rhona alijua desturi ya hapa na akaiheshimu. Alimpa kila mlinzi mfuko wake wa vichupa, bila kuandika mahali, na hakumwambia mmoja kuhusu mwingine. Wakaokota masika yote. Wilma alificha vichupa vyake kwenye friji nyuma ya siagi, mpaka Lachie alipokaribia kuvifungua akidhani ni viungo.

Oktoba Rhona akarudi. Ilikuwa siku ya mkutano wa mwaka wa misitu, ukumbi umejaa, supu ya dengu kwenye sufuria kubwa, vikate vya skoni na jamu mezani, watoto wakikimbizana chini ya viti. Mkutano ulipokwisha Rhona akawaomba walinzi watatu wabaki. Watu wakatoka. Waliobaki ni hao watatu, Rhona mwenyewe, na wanawake wanne waliokuwa wakiosha vyombo jikoni. Senga Moir alikuwa mmoja wao, na dirisha kati ya jiko na ukumbi, lile la kupitishia sahani, lilikuwa wazi.

"Mimi nilikuwa nakausha vikombe," Senga anaeleza. "Vikombe havina kelele."

Rhona hakuketi. Alisema kwanza kwamba kipimo amekirudia, kisha akampa mwenzake wa maabara nyingine akirudie tena. Halafu akasema: "Sampuli zenu za jogoo, ninyi watatu, ni za ndege mmoja."

"Zangu zote ni za ndege mmoja, ndiyo," Murdo akasema. "Ninaye mmoja. Nimekuwa nikisema hivyo."

"Hapana, Murdo. Zako, za Wilma na za Una. Ni yule yule."

Murdo akaanza kusema kwamba maabara yao imechanganya mavi. Kwa kawaida mtu angecheka. Bi Una, ambaye husikia kwa sikio moja tu, akauliza arudiwe, naye Rhona akarudia kwa sauti ya juu, na wanawake wa jikoni ambao walikuwa hawajasikia vizuri wakasikia.

"Basi kuna mmoja wetu anaibiwa," akasema Bi Una.

Wilma ndiye aliyeuliza swali ambalo kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kuliuliza bondeni. Aligeuza kiti akamtazama Murdo.

"Wako yukoje?"

Senga anasema alimwona Murdo akishika kifungo cha koti, kama mtu anayetakiwa kuvua nguo hospitalini.

"Mkubwa," akasema. "Namwita Kanali. Akitembea hageuki nyuma."

"Jicho lake la kulia?"

"Lina nini?"

"Ule wekundu wa juu ya jicho. Uko mzima?"

Murdo aliweka kikombe chini kabla hajajibu. "Umechanika," akasema. "Katikati. Kama uliokatwa na wembe."

"Wangu namwita Mchungaji," Wilma akasema. "Kwa sababu ya kanzu nyeusi. Umechanika hivyo hivyo."

Wakamgeukia Bi Una. Mwalimu huyo mstaafu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mwalimu Mkuu," akasema. "Mimi nilidhani ni kovu la vita. Nilikuwa najivunia."

Jikoni, kikombe kimoja kikavunjika.

Rhona akaeleza yaliyobaki kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba. Jogoo mwenye wapinzani habanduki uwanjani kwake. Akiondoka asubuhi moja, mwingine anaukalia. Anayezunguka kutoka uwanja hadi uwanja, leo hapa, keshokutwa kule, ni yule ambaye kila anapoimba hajibiwi.

"Hapo ndipo nilipokumbuka alfajiri zangu," anasema Wilma. "Nimekaa kwenye kile kibanda, miguu imekufa ganzi, nikimsikiliza. Anagonga kama vijiti, halafu ule mlio wa kizibo kinachong'olewa chupani, halafu kama mtu ananoa kisu. Nikawa nasema, sikia anavyoimba huyu, ana raha. Kumbe anatafuta mtu wa kugombana naye."

Majike, kwa mujibu wa vichupa, ni sita. Wawili kati yao ni binti za jogoo huyo.

Murdo aliuliza jambo moja tu kabla ya kuchukua kofia yake. "Tangu lini?"

"Sijui," Rhona akamjibu. "Vipimo tunavyo vya mwaka huu tu. Inaweza kuwa mwaka huu. Inaweza kuwa miaka sita."

Mkono ulioinuliwa

Kabla ya chakula cha usiku bonde lote lilikuwa na habari. Wapo waliokasirika, wapo waliokataa, na yupo mmoja aliyempigia Senga simu kuuliza kama maana yake Wilma na Murdo hawakuwa wapenzi. Senga alikiri kwamba alijisikia kama amefiwa mara mbili.

Lakini mshtuko mkubwa ulikuja siku ya pili, watu walipoanza kukumbuka.

Miaka mitatu iliyopita kijiji kilipiga kura kuhusu njia ya baiskeli. Ilitakiwa ipite katikati ya Achnaveel iwaunganishe watalii na nyumba za kupanga, na waliosita walisita kwa ajili ya ndege. Walioiunga mkono walikuwa na jibu: majogoo watatu, kila mwaka watatu, hawapungui. Bonde lina ndege wa kutosha. Aliyeombwa kusema neno la mwisho kama mlinzi wa msitu alikuwa Wilma.

"Niliinua mkono huu," anasema, na anauinua tena, na glavu yake. "Nilisema njia ipite. Nilisema ndege wetu wako vizuri. Sikudanganya, na ndiyo inayonikera. Ningekuwa nimedanganya ningejua la kutubu."

Njia ikajengwa. Ilipita karibu na vichaka vya beri ambamo majike hutagia. Hakuna anayeweza kusema viota vingapi vilikanyagwa au kuachwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafuta tatizo.

Kwa wiki kadhaa Wilma hakuingia msituni. Alisafisha nyumba za watalii mpaka Lachie akamwambia sakafu zitatoboka. Kilichomuumiza, anasema, ni baba yake. Siri ile iliwakomesha wenye kamera, na bado anaamini Erchie alikuwa sahihi siku ile ya magari tisa. Ila siri haikujua kuacha. Iliendelea kuwalinda ndege mpaka walipokwisha, na hata walipokwisha iliwaficha.

"Sisi watatu tungekunywa chai pamoja mara moja tu," anasema. "Mara moja. Mmoja angesema, wangu ana jicho bovu. Basi."

Novemba, jioni ya mvua, alivaa buti akaenda kwa Murdo. Alipita mbele ya duka la Senga makusudi, polepole, akapunga mkono. Alimkuta Murdo anakula viazi na samaki, peke yake, redio imewashwa.

"Nimekuja kukuonyesha uwanja wangu ulipo," akamwambia.

Murdo akamsogezea kiti. "Kaa kwanza. Ukishanionyesha itabidi nami nikuonyeshe, na mimi bado nakula."

Usiku ule walitandaza ramani juu ya meza, wakaweka vijiko mahali pa viwanja. Bi Una aliletwa na Lachie kwa basi la shule, akaweka kijiko cha tatu. Wakanyoosha uzi kutoka kijiko hadi kijiko. Kila safari ya jogoo ya kutoka Tomdarroch kwenda Achnaveel ilikata mstari mmoja: uzio mrefu wa waya kati ya Tomdarroch na Achnaveel, ulioinuliwa juu kuzuia paa wakubwa wasile miche. Kapakeli huruka chini, kwa kasi, na alfajiri waya hauonekani. Kila mwaka ndege wa aina hii hufa kwa kugonga waya kama huo.

"Kila alipotoka kwangu kwenda kwako amepita hapo," Murdo akasema.

Uzio huo aliujenga yeye mwenyewe akiwa kijana, pamoja na Erchie, baba yake Wilma. Ni uzio mzuri. Mwenye shamba, ambaye huja mara mbili kwa mwaka, huwaonyesha wageni wake.

Murdo alimpigia simu. Mazungumzo hayo anayasimulia bila kuongeza. "Nikamwambia, bwana, yule jogoo wako ana nyumba tatu. Akaniuliza kama ni mzaha. Nikamwambia, sasa uchague, waya au ndege, kwa sababu vyote viwili hutabaki navyo. Akauliza waya unauzika kiasi gani."

Januari yote watu walikuwa kwenye theluji wakiukunja uzio. Walikuja hata wenye baiskeli, ambao njia yao sasa imefungwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti na ambao wiki mbili kabla walikuwa wamegombana na Wilma ukumbini mpaka mmoja akamwita mlinzi wa mzimu. Senga alileta chai kwenye mtungi. Paa wameshaanza kuingia na kutafuna miche, na Murdo analalamika kila siku kuhusu hilo. Hakuna anayemwomba aurudishe.

Mzimu, kwa bahati, yupo. Kinyesi kilichomo kwenye kijiko cha Wilma asubuhi hii kinasema kuna ndege mkubwa amelala Tomdarroch usiku wa jana. Ni jogoo, kwa unene wake. Kama ni yule mwenye jicho lililochanika, maabara ndiyo itasema.

"Au ni mwingine," anasema Murdo, akitazama pembeni.

"Au ni mwingine," Wilma anakubali. Anafunga kichupa, anaandika kwa kalamu mahali kilipookotwa, jina kamili la msitu, kwa herufi kubwa. Anakitia kwenye mfuko wa koti, upande usio na sandwichi.

Jumamosi ijayo, kwa mara ya kwanza tangu Erchie apite nyumba kwa nyumba, walinzi watatu watahesabu asubuhi moja, kwa wakati mmoja. Murdo kwenye kibanda chake, Bi Una kwenye chake pamoja na Rhona wa kumsaidia sikio, Wilma kwenye chake. Lachie atakaa barabarani ndani ya basi, amelikingamisha, ili lisipite gari lenye kamera. Wana vibali vyote. Jua likishapanda na ndege wakiondoka, kila mmoja atampigia mwenzake simu aseme alichokiona na dakika aliyokiona.

Ikiwa atakuwa mmoja tu, bonde litaomba majogoo wawili vijana kutoka misitu ya mashariki. Rhona amewaonya wasitegemee sana. Huko nako hawana wa kugawa, na ndege aliyehamishwa anaweza kufa kwa mshtuko kabla hajaimba. Lakini kama ombi litakubaliwa, majogoo hao hawatakuwa wa Tomdarroch wala wa Achnaveel wala wa Corrie. Hilo watatu wameshaliandika na kutia sahihi.

Na Kanali? Mchungaji? Mwalimu Mkuu? Wamekubaliana jina?

"Tumeshindwa," anasema Murdo. "Huyu hataki Kanali."

"Hana sura ya kanali."

"Wewe hujamwona akija kwangu. Kwako labda anakuja amechoka."

Wilma anasimama, anajipangusa magoti, anatazama juu ya mti ambako hakuna kitu ila matawi na anga. Miaka yote, anasema, alfajiri ya kuhesabu aliomba dua moja kibandani: jogoo wangu aje. Alipokuja, alirudi nyumbani ameridhika, hakumfikiria mtu mwingine.

"Jumamosi nitaomba vile vile, aje," anasema. "Nikimwona nitakaa kimya na simu mkononi. Sitafurahi bado. Nitasubiri Murdo apige aniambie kwamba dakika ile ile, na kwake alikuwepo mwingine."